Chimbo Lenye Jina Moja

Bi Kalamu hakuzaliwa Bi Kalamu. Jina hilo alipewa na wafinyanzi wenzake, kwa sababu katika chimbo zima ni yeye peke yake aliyefika darasa la sita na aliyeweza kusoma barua bila kuchezesha midomo. Lilianza kama utani tu, wa kumchokoza yule mwanamke mfupi mwenye matope hadi viwikoni na kalamu ya risasi nyuma ya sikio, halafu likamng'ang'ania. Ikitakiwa barua ya kwenda shuleni, Bi Kalamu. Ikiletwa karatasi ya dawa kutoka zahanati, mwiteni Bi Kalamu. Naye alijidai, tusifichane. Alikuwa akinawa mikono kwanza, kidole kimoja kimoja, huku watu wamemsimamia wanangoja, kisha ndipo anaipokea karatasi.

Chimbo lenyewe lilikuwa shimo, hakuna cha zaidi. Shimo refu nyuma ya nyumba za mwisho za mtaa, lenye ngazi zilizochongwa kwa jembe na dimbwi chini wakati wa mvua. Mgeni angepita asigeuze hata shingo. Lakini wafinyanzi thelathini na wanne walikula kutoka shimo hilo, na kabla yao mama zao, na kabla ya mama zao watu ambao hakuna aliyewakumbuka kwa sura. Walifinyanga vyungu, mitungi, majiko ya mkaa, na vyungu vya maua kwa wenye bustani zao.

Utaratibu mkubwa ulikuwa mmoja, na watoto waliujua kabla hawajajua kuhesabu: unachukua udongo unaoweza kujitwika mwenyewe. Ukiliinua beseni lako ukaliweka kichwani bila kusaidiwa, huo ni wako, nenda salama. Ukihitaji mkono wa mwenzio, umezidisha, punguza. Toroli lilikatazwa. Punda alikatazwa. Kuna mmoja aliyewahi kumleta mumewe amsaidie kuinua. Mume alizomewa mpaka akaondoka bila kuaga. Sababu ilikuwa wazi. Udongo mwekundu ulikuwa mwingi, lakini ule wa kijivu, laini, usiopasuka motoni, ulipita kwa mshipa mwembamba tu, na hakuna aliyetaka kuamka siku moja akakuta mtu mmoja ameuhamishia kwake wote.

Aliyefaidi utaratibu huo kuliko wote alikuwa rafiki yake Bi Kalamu, jirani yake wa ukuta mmoja, aliyemzidi miaka miwili. Huyo aliitwa Mabega, na ungemwona wala usingeuliza kwa nini. Alijitwika beseni ambalo wanaume wawili wangelitazama kwanza wakakohoa. Hakujua kusoma, na hakuona shida, maana alikuwa na Bi Kalamu. "Wewe uwe macho yangu," alikuwa akimwambia, "mimi nitakuwa mgongo wako." Na ndivyo walivyoishi tangu wasichana, wakaolewa, wakazaa, wakafiwa na waume mmoja baada ya mwingine, ukuta ukiwa uleule, wakigongeana asubuhi na jioni.

Basi mwaka huo serikali ikatoa sheria ya ardhi. Redio iliitangaza asubuhi na jioni mpaka watu wakaikariri. Kila kipande cha ardhi kipimwe, kiandikishwe, kipewe hati yenye jina la mwenyewe. Kisichoandikishwa ndani ya miezi sita kitahesabiwa hakina mwenyewe, na atapewa yeyote anayekihitaji. Msemaji alikuwa na sauti tamu. Alisema mwenye hati anaweza kukopa, na aliyekopa anaweza kujenga, na umaskini utakuwa hadithi.

Mabega alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Huyu anauza kitu."

Wafinyanzi walikutana palepale chimboni, wamekaa kwenye ngazi. Kikao kiliongozwa na kaka mkubwa wa Bi Kalamu, mchomaji wa tanuri la pamoja, mzee ambaye maneno yake kwa siku ungeweza kuyahesabu kwa vidole. Hawakubishana sana. Kama ni karatasi inayotakiwa, si wanaye mwenye karatasi zake? Wakamtuma Bi Kalamu. Akaoga, akavaa gauni la misibani, ndilo lililokuwa zuri, akaenda.

Ofisi ya ardhi ilikuwa chumba chenye mafaili yaliyofungwa kwa kamba za katani na feni isiyozunguka. Alikaa kwenye benchi tangu asubuhi mpaka jua la utosi. Karani aliyemwita alikuwa kijana msafi, mwenye adabu zake.

"Shikamoo mama. Mmiliki wa hilo eneo ni nani?"

"Marahaba mwanangu. Ni sisi."

"Sisi kina nani?"

"Wafinyanzi."

Kijana akacheka, wala si kwa dharau. "Mama yangu, wafinyanzi si mtu. Tazama, mstari ni mmoja." Akaugusa kwa kidole.

"Na watu wakiwa wengi?"

"Basi muunde chama au kampuni. Mlete katiba, mihtasari ya vikao, mhuri wa wakili, akaunti ya benki na ada ya usajili. Vyote vikitimia, njooni."

Bi Kalamu alihesabu kimoyomoyo. Zilikuwa zimebaki wiki mbili, na wakili wa karibu alidai pesa kabla hata ya kuitikia salamu. Karani naye aliona uso ulivyomshuka, akamhurumia. Hapo ndipo mambo yalipoharibika, kwenye huruma.

"Hamna mtu mmoja mnayemwamini wote?"

"Yupo. Kaka yangu. Huyo hajamdhulumu mtu hata tonge la maji."

"Tonge la maji?" Karani akacheka tena. "Basi andika jina lake. Mengine mtamalizana wenyewe nyumbani. Kila mtu anafanya hivyo."

Akaandika. Mwandiko wake ulikuwa mzuri, wa duara, uliosifiwa na mwalimu wa darasa la sita mbele ya watoto wote. Aliandika jina la kaka yake, mipaka, ukubwa, miaka ya kutumika. Alipofika swali la saba, kalamu ikasita. *Je, yupo mtu mwingine yeyote mwenye haki juu ya ardhi hii?*

"Hapa si ndipo niwaandike wale thelathini na watatu?"

"We! Ukiandika yupo, fomu inarudi. Inapelekwa baraza la migogoro, na huko foleni ni ya miaka. Andika hakuna."

"Lakini wapo."

"Mama, mimi najua wapo. Wewe unajua wapo. Karatasi ndiyo isijue."

Akaandika: *Hakuna.* Kwa mwandiko uleule mzuri. Alijiambia hayo ni maneno ya ofisini tu, kama vile mtu anavyoulizwa hali akajibu njema huku jino linamuuma. Aliporudi na risiti yenye mhuri walimpigia vigelegele. Mabega alimbeba juujuu akazunguka naye chimbo zima, matope kwa gauni la misibani. Swali la saba hakulitaja. Hakuficha, alijiambia. Hakuulizwa tu.

Miaka minane ikapita, na hati ikalala ndani ya sanduku la kaka yake chini ya mashati. Chimboni hakuna kilichobadilika. Watu walijitwika, wakaenda. Kisha kaka yake akaanza kukohoa. Moshi wa tanuri wa miaka arobaini haukai kifuani bure. Masika hayakuisha, akafariki.

Aliacha mtoto mmoja wa kiume, na huyo ndiye aliyelifungua sanduku. Mtaani walimwita Injinia, kwa sababu tangu ujanani alitembea na futi ya chuma mfukoni ingawa hakusomea lolote. Alikuwa karani wa duka la vifaa vya ujenzi. Kabla hujamchukia, subiri. Hakuwa mwizi. Hakuwa mlevi wala mjanja wa mjini. Alimzika baba yake vizuri, akalia machozi ya kweli, na baada ya siku arobaini na kitu alikuja kwa shangazi yake amevua viatu mlangoni kama alivyofunzwa.

"Shangazi, nimeona nije nikwambie mwenyewe kabla hujasikia kwa watu. Hati imeshabadilishwa. Iko kwa jina langu."

"Kwa jina lako kwa ajili yetu sote, mwanangu. Kama ilivyokuwa kwa baba yako."

Injinia akatazama futi yake. "Nimekwenda benki. Wameipenda. Wanasema kwa hati hii wanaweza kunikopesha mtambo wa vigae. Kuna kampuni itaingia na nusu. Shangazi, nchi nzima inajenga, watu wanataka vigae. Udongo ule umelala tu."

"Haujalala. Unatumika kila siku."

"Unatumika kwa beseni!" alisema, kisha akashusha sauti. "Sitamfukuza mtu. Vijana wote nitawapa kazi. Wewe kwanza nitakujengea nyumba."

"Na benki ikisema tutoke?"

"Benki imesema uzio tu. Mali iliyowekwa dhamana lazima izungushiwe uzio."

Bi Kalamu alitaka kumpiga kofi. Kijana angekuwa bado na miaka kumi angempiga, na baadaye mtoto mwenyewe angemshukuru. Lakini mtu mzima aliyevua viatu mlangoni kwako utampigaje? Alimwambia aondoke. Wiki iliyofuata nguzo za zege zilishushwa kutoka kwenye lori, na waya ukavutwa nguzo hadi nguzo. Ngazi zilizochongwa kwa jembe zikabaki ndani, na wenye ngazi wakabaki nje.

Wafinyanzi hawakukaa kimya. Walichanga, wakauza majiko kwa bei ya kutupa, wakapata wakili kijana mwenye suti moja, wakaenda mahakamani wote kwa miguu. Walikuwa na hakika. Si mtaa mzima unajua? Si hata mtoto anajua? Mabega aliitwa kwanza kutoa ushahidi. Alieleza utaratibu wa beseni vizuri kabisa, akaonyesha kwa mikono jinsi mtu anavyojitwika, na chumba kizima kikacheka kwa furaha.

Hakimu alikuwa mama wa makamo, mtaratibu, mwenye miwani ya kamba. Aliuliza, "Utaratibu huu umeandikwa wapi?"

"Haujaandikwa, mheshimiwa. Unafanywa."

Hakimu akaandika kitu. Kisha wakili wa upande wa pili akasimama na faili kutoka ofisi ya ardhi. Bi Kalamu aliitambua ile karatasi kwa mbali, kabla haijafunguliwa. Akaombwa asimame, akaulizwa kama mwandiko ule ni wake.

"Ni wangu."

"Tusomee swali la saba."

Akasoma.

"Na jibu."

Alisoma lile neno moja kwa sauti ambayo wa mstari wa nyuma hawakuisikia, ikabidi arudie. Alijaribu kueleza, habari za karani, habari za wiki mbili, za huruma na foleni, na hakimu alimsikiliza bila kumkatiza, maana alikuwa mtu mwema. Alipomaliza, hakimu alisema kwa upole kwamba mahakama haiwezi kulipima jambo ambalo watu walikuwa nalo mioyoni dhidi ya jambo ambalo watu hao hao wameliandika na kulitia sahihi. Kesi ikaisha kabla ya chakula cha mchana.

Walirudi kwa miguu kama walivyokuja. Hakuna aliyemtukana. Afadhali wangemtukana! Kila mmoja alitembea upande wake wa barabara akitazama mbele. Mabega alitangulia, na Bi Kalamu akamfuata kwa nyuma mwendo wa hatua ishirini, na hatua hizo ishirini hazikupungua mpaka mlangoni.

"Ulijua," Mabega alisema, funguo mkononi.

"Nilidhani ni maneno ya ofisini tu."

"Miaka minane, mwenzangu. Miaka minane tunakula sahani moja." Akaingia ndani. Ukuta ulikuwa uleule, lakini tangu siku hiyo haukugongwa.

Kiwanda kikasimama. Bati jipya, dohani ndefu, king'ora saa moja asubuhi. Mwezi wa kwanza vigae vyote vilipasuka. Mwezi wa pili vilipasuka nusu. Mtambo ulikuwa mzuri na wataalamu wa kampuni walikuwa na vipimo vyao, lakini walichanganya udongo mwekundu na wa kijivu kama mtu anayekoroga uji, na udongo haukubali. Injinia akaja tena kwa shangazi yake. Safari hii viatu hakuvua, alikuwa na haraka.

"Shangazi, benki wananibana koo. Njoo utuchanganyie. Utalipwa kila mwisho wa mwezi."

Utamlaumu? Mimi simlaumu, ingawa wapo wanaomlaumu mpaka leo. Alikuwa na miaka hamsini na minane. Udongo wa kando ya barabara, ambao wafinyanzi walibaki nao, ulikuwa na chokaa, na chungu kikitoka motoni kilikuwa kinadondoka vipandevipande mikononi mwa mnunuzi. Thelathini na wanne wakawa ishirini, wakawa tisa. Vijana walikwisha kwenda kwenye kibarua palepale kiwandani, kupanga vigae na kusukuma matoroli. Bi Kalamu alikwenda kwa king'ora cha Jumatatu. Walimpa koti la bluu na meza. Alipewa udongo kila asubuhi kwenye sahani, akausugua kwa vidole, akauonja kwa ncha ya ulimi, akaandika: mwekundu mabeseni kadha, wa kijivu kadha. Wao wakazidisha kwa mia mbili. Vigae vikaacha kupasuka. Ule mshipa wa kijivu uliotosha vizazi ulianza kuliwa kwa lori, na aliyeuonyesha ulipopita alikuwa yeye.

Mabega peke yake hakuacha kufinyanga. Na siku moja ya mvua, saa sita mchana, mlinzi akamkamata ndani ya uzio. Hakukimbia. Alikuwa amepita chini ya waya ambapo maji yalichimba, akajaza beseni, na alikuwa anajitwika.

Wakampeleka kituo cha polisi, wakamwita Bi Kalamu. Shtaka la wizi linataka mtu wa kuitambua mali iliyoibwa, na katika kampuni yote ni mmoja tu aliyeweza kusema udongo huu ni wa wapi. Beseni lilikuwa juu ya meza ya kituo, linachuruzika maji. Mabega alikuwa kwenye benchi, nywele zimelowa, mikono magotini. Polisi alikuwa mzee, kazi yenyewe ilimchosha.

"Mama, huyu anasema ni wake," polisi alisema. "Kama ni wa uwanjani kwake, anakwenda zake nyumbani. Kama ni wa kampuni, itabidi afikishwe mbele. Wewe andika hapa unachokijua, utie sahihi."

Bi Kalamu alimgeukia Injinia, aliyesimama mlangoni. "Futa kesi, mwanangu. Ni Mabega huyu. Amekubeba mgongoni."

"Shangazi, ningefuta ningekuwa naweza." Alikuwa karibu kulia, na ni kweli. "Si yangu tena peke yangu. Wizi wowote lazima uripotiwe, imo kwenye mkataba wa bima. Watu wa kampuni wenyewe sijawahi kuwaona. Nikifuta, wananitoa mimi."

Basi Bi Kalamu aliuchukua udongo kidogo kwa vidole viwili. Hakuhitaji kuuonja. Ulikuwa wa kijivu, laini kama siagi, wa kona ya kusini. Akaivuta karatasi, akaishika kalamu, na uamuzi wake ulikuwa tayari. Angeandika: udongo huu haukutoka kwenye chimbo la kampuni. Kazi iende, koti la bluu liende, nyumba ya ahadi iende. Moyo wake ulikuwa mwepesi kuliko ulivyokuwa kwa mwaka mzima. Aliandika maneno mawili.

"Anaandika nini?" Mabega aliuliza. Alimuuliza polisi, hakumuuliza yeye.

Polisi akainama akasoma. "Ameandika, udongo huu..."

"Mwambie aache." Mabega akasimama. "Udongo ni wa chimboni. Nimeuchukua pale ninapouchukua tangu nina miaka tisa, na nimejitwika mwenyewe. Andika hivyo wewe, afande. Yeye asiniandikie tena."

"Mabega," Bi Kalamu alisema. "Mwenzangu, nataka kukutoa."

"Asiniandikie tena," Mabega alirudia, na dole gumba lake lilikuwa limekwisha kunyooshwa kuelekea wino.

Alifungwa miezi miwili. Bi Kalamu alikwenda mara tatu siku ya kutembelewa wafungwa, na mara zote tatu askari wa kike alirudi akasema mama amesema anaumwa kichwa. Chimboni mshipa wa kijivu ulikuwa umefika mwisho upande wa kusini. Kampuni ikaanza kuleta mchanga fulani mweupe kwa magunia, na kwenye meza ya Bi Kalamu wakaweka mashine ndogo ya kupimia. Aliachwa akae. Alifanywa mwangalizi wa vibarua wa uwanjani, wale wanaookota vigae vilivyovunjika na kuvipakia.

Vibarua walichukuliwa getini kila asubuhi. Msimamizi mkuu aliwachagua kwa kunyoosha kidole, na waliochaguliwa wakaja kusimama mbele ya Bi Kalamu aandike namba zao. Siku ile walikuwa sita. Watano walikuwa vijana. Wa sita alikuwa amekonda, kitambaa kimefungwa chini mpaka kwenye nyusi, lakini yale mabega hayakuwa ya mtu mwingine. Hakuwa na udongo wa kufinyanga, hakuwa na cha kuuza, na nyumba za mtaa ule nazo zilikwisha kupimwa na kudaiwa kodi. Bi Kalamu akasimama kutoka kwenye kiti. Alifungua mdomo ili amwamkie, kama alivyomwamkia siku zote kwa ajili ya ile miaka miwili, na kumwomba msamaha, palepale, mbele ya watu wote.

Mabega alimtangulia. Aliinamisha kichwa kidogo, mikono ameikutanisha mbele, kama walivyofanya vijana waliotangulia.

"Shikamoo, bosi," alisema.

Alikuwa hatanii. Bi Kalamu alimtafuta machoni, asimpate. Nyuma yao foleni ilikuwa imesimama, msimamizi mkuu alitazama saa yake, na kijana mmoja wa nyuma akauliza mbona hatuendi. Mabega alikuwa bado ameinama, anangoja kuitikiwa ili apewe namba.

"Marahaba," Bi Kalamu alisema, akaandika.